Kompyuta ya Katibu wa Makaburi

Kasimu amenenepa. Nilimkuta mwezi uliopita kwenye harusi Tandale, sahani ya pilau mbele yake, na kabla sijamaliza kumsalimia akaniuliza, "Sista, ile kompyuta iliwahi kuwaka?" Nikacheka, nikamwambia iliwaka. Akataka kujua ugonjwa ulikuwa nini, ramu au pawa. Nikamwambia muziki umezidi, tutaongea baadaye, na baadaye nikahamia meza nyingine. Nina miaka thelathini na tisa sasa. Nimeshakiri makosa mazito kuliko lile mbele ya watu wakubwa kuliko Kasimu, lakini lile sikuweza kumtamkia fundi aliyenipa jibu siku ya kwanza, kwa simu, nami nikamkatalia kwa sababu nilikuwa na digrii.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza chuo na sina kazi. Nilisomea kompyuta miaka mitatu bila kufungua kasha la kompyuta hata moja. Tulichora mishale na visanduku ubaoni, tukafaulu. Mzee Salum, mume wa shangazi yangu Zuhura, alipofariki na shangazi akaingia eda, ukoo ukatafuta mtu wa kukaa naye Tabata: wa kwenda sokoni, wa kuitikia hodi, wa kulala chumba cha pili. Wakanichagua mimi kwa sababu ndimi pekee nisiyekuwa na cha kufanya, na jambo hilo lilisemwa hivyo hivyo nikiwa nimekaa hapo hapo. Nilifika na begi moja na maswali mengi. Kwa nini miezi minne na siku kumi, isiwe mitatu? Kwa nini mjane asijipake hata mafuta yenye harufu? Mbona mwanamume akifiwa hakai ndani? Shangazi alinisikiliza mpaka mwisho, amevaa nguo nyeupe, anachambua mchele kwenye ungo. "Wewe uliza," alisema. "Mie nakaa." Na kweli alikaa.

Mzee Salum alikuwa katibu wa kamati ya makaburi ya msikiti wa mtaa wao. Makaburi yale hayakuwa na majina. Kuna tuta, kuna jiwe la kichwani, baada ya mvua tatu nne tuta linashuka na jiwe linabebwa na watoto. Kwa hiyo aliyejua nani amelala wapi alikuwa Mzee, pamoja na mchimba kaburi wake, Mzee Mbwana. Mwanzoni aliandika kwenye madaftari. Mchwa walipokula mawili, akanunua kompyuta iliyokwishatumika, akajifunza kuandika kwa kidole kimoja, akahamishia humo kila kitu, na madaftari yaliyobaki akayachoma. Alijivunia sana kitendo hicho. Watu wakitaka kwenda kuzuru wazazi wao walipita kwanza nyumbani kwake, naye aliingia ndani, akawasha, akasubiri, akatoka na karatasi: mstari wa tano, namba kumi na saba.

Mwezi wa pili wa eda ndipo ilipokuja habari ya barabara kupanuliwa. Makaburi yatahamishiwa Chamazi. Marehemu mwenye ndugu anayejulikana atapata kaburi lake mwenyewe kule. Asiyejulikana atawekwa na wenzake pamoja, shimo moja. Kamati ikapewa siku ya mwisho ya kuwasilisha orodha, na orodha ilikuwa ndani ya kompyuta. Mtaa mzima ulikuwa na mtu wake mle. Shangazi alikuwa na Mwanaidi, mtoto wake wa pekee, aliyekufa akiwa na miaka minne, zamani, mimi sijazaliwa. Hakuwahi kuliona kaburi. Wanawake wa nyumba ile hawakuwa wakifuata jeneza, na baadaye, alipoweza kwenda, hakwenda. Alichokijua ni alichoambiwa na Mzee jioni ya maziko, kwamba mtoto yuko mstari wa watoto, ule unaopakana na ukuta. Namba hakuiuliza. "Kwani mie ningeifanyia nini namba," aliniambia, "na mwenyewe yupo?" Aliniambia hayo mara moja tu, tukila mihogo ya nazi, halafu akanitaka niwashe kompyuta.

Haikuwaka. Au mimi nilisema haikuwaka. Wakati wa matanga wanaume walitoa vitu vyote sebuleni ili kutandika majamvi. Makochi yakapelekwa kwa jirani, kabati likasukumwa uani, kompyuta ikabebwa vipande vipande na kufungiwa stoo. Hitma ilipokwisha vikarudishwa, na kompyuta nikaiunganisha mimi, chumbani kwa shangazi, kwenye meza ndogo karibu na dirisha. Nilichomeka kila waya mahali ulipoingia. Nilipobonyeza, taa ya kijani ikawaka, feni ikavuma, kasha likatoa mlio mmoja mfupi, skrini ikaandika kwa Kiingereza kwamba hakuna kinachoingia, kisha ikawa nyeusi. Nikachomoa ukutani. Nikachomeka tena. Kitu kile kile. Nyuma yangu shangazi alikuwa amekaa kitandani na tasbihi yake. "Inawaka hiyo," alisema. Nikamwonyesha skrini. Akasema yeye hatazami skrini, anasikiliza.

Mtu mwenye akili angebeba lile kasha hadi kwa fundi. Shangazi alikataa. Mirathi ilikuwa haijagawanywa, na mashemeji zake walikuwa watu wa kuhesabu vijiko. Kitu cha marehemu kikionekana kinatoka mlangoni kabla ya mgawo, ataambiwa amehamisha mali. Nikauliza kama naweza kutoa kile chuma cha ndani tu, kinachotunza maandishi, nikipeleke na kukirudisha. "Kwani si cha Mzee nacho?" Nikasema basi fundi aje. Mwanaume asiye ndugu, chumbani kwa mwanamke aliye edani, na ndani tuko wawili tu? Nikamfuata sheikh wa msikiti, nikamweleza, akasema ikiwa kuna haja na mimi nipo, fundi anaweza kuingia, shangazi akae chumba kingine. Nilirudi mbio na fatwa yangu. Shangazi akasema sheikh ameshasema yake. Nilitoka nikaenda kusimama uani, nikaitazama kamba ya kuanikia nguo kwa muda mrefu sana.

Ikabaki simu. Kasimu alikuwa na kibanda cha kutengeneza kompyuta na simu, si mbali na kituo, kijana wa umri wangu aliyeishia kidato cha nne. Alinisikiliza nikimweleza dalili, halafu akauliza inapiga bip ngapi.

"Moja," nikasema.

"Moja fupi?"

"Fupi."

"Basi nzima hiyo, sista. Bip moja ni salamu. Hebu angalia waya wa skrini umechomeka wapi."

"Umechomeka, Kasimu. Nimesomea hivi vitu."

Akanyamaza kidogo. Sasa nikiukumbuka ukimya ule najua ulikuwa wa nini; ni ukimya wa fundi anayeamua kwamba mteja akitaka kuumwa, aumwe. Akasema basi labda ramu. Nizime, nifungue ubavu, nitoe kile kipande kirefu chembamba, nisugue meno yake kwa raba ya penseli, nirudishe. Nikafanya. Shangazi aliniazima raba iliyokuwa kwenye droo ya Mzee, bado ina alama za wino. Nikarudisha, nikabonyeza. Feni, bip, giza. Nikachomoa.

Sitawachosha na wiki zilizofuata, ingawa mimi zilinichosha mpaka nikaanza kuota feni. Nilibadilisha betri ndogo ya duara inayotunza saa. Nilinunua ramu nyingine kwa Kasimu, baadaye pawa nyingine, nikazibeba chini ya mtandio kama mwizi, maana majirani waliona kila kinachoingia na kila kinachotoka. Nilipuliza vumbi kwa pampu ya baiskeli. Nilishuku umeme wa Tabata unaokatika na kurudi kwa nguvu, nikashuku waliobeba kasha siku ya matanga, nikafika mahali nikashuku mashemeji kwamba walichezea kitu kwa makusudi ili orodha ipotee, ingawa sikuweza kueleza watafaidika nini. Kila nilichokishuku nilikiandika kwenye karatasi na kukifuta kwa mstari, kama tulivyofundishwa. Kitu kimoja hakikuwahi kuingia kwenye karatasi ile, nacho ni mikono iliyoiunganisha.

Alasiri walikuja wanawake wa mtaa kumsalimia mfiwa. Walikaa kwenye mkeka chumbani, wakanywa chai ya tangawizi kwa mkate wa kumimina, nami nikiwa chini ya meza na bisibisi wakaniongelea kama vile nilikuwa paka. Mmoja alitaka kujua kama chuoni hufundishwa kuwasha au kuzima tu. Bi Mwajuma, jirani wa ukuta mmoja, alisema kwa sauti ya huruma kwamba kitu kikizoea mkono wa mtu humlilia, kwao kuna cherehani iligoma siku mshonaji alipokufa, na hii pia isomewe. Nilitoka chini ya meza tayari kutoa mhadhara. Shangazi akaniwahi. "Kompyuta hailii, Mwajuma. Inatafuna." Akawaeleza kwamba kwanza inavuma, halafu inaanza kutafuna, krr krr, kama mtu mwenye jino bovu anakula kashata, kisha inanyamaza. Mzee alikuwa akisubiri imalize kutafuna ndipo anavuta kiti. Kwa hiyo imekula, imeshiba, inamsubiri mtu. Wanawake wakacheka. Mimi pia nilicheka, na nilicheka kwa dharau, hilo lazima niliseme. Nilikuwa nimekuja nyumba ile nimejiandaa kupambana na ushirikina, na niliposikia mtu anatoa ushahidi kwa ushungi mweupe na tasbihi, sikuujua kuwa ni ushahidi. Miaka kumi na moja amelala kitanda kile akiisikiliza mashine ile kupitia ukuta wa sebule. Nani mwingine alikuwa na kumbukumbu za namna hiyo?

Maalim Abeid, mwenyekiti wa kamati, mwenye duka la nafaka mbele ya msikiti, alikuja mara tatu. Aliketi barazani, mimi nikasimama mlangoni, shangazi akawa nyuma ya pazia la sebule. Alikuwa mtu mpole na upole wake ulinikera zaidi. Mara ya kwanza aliuliza hali. Mara ya pili alisema wamejaribu kukusanya kwa midomo, kila familia iseme ya kwake, lakini watu wanagombana, kaburi moja lina wazee wawili wanaolidai. Alisema pia kwamba Mzee Mbwana macho yamekwisha, wanawe wanataka kumchukua wamrudishe Mafia, kama kuna cha kumuuliza aulizwe mapema. Nikamwambia aulizwe nini wakati orodha haipo. Tukipata orodha, hatutamhitaji mtu wa kukumbuka. Nilisema hivyo. Mara ya tatu alikuja Jumatano baada ya adhuhuri, Mzee Mbwana akiwa ameshaondoka siku kumi na tano nyuma, na akasema karatasi inatakiwa ofisini kesho asubuhi. "Nikiipata leo kabla ya magharibi, inshallah tutaichapa," alisema. Kutoka nyuma ya pazia shangazi alimshukuru, akamwomba amsamehe kwa usumbufu. Sauti yake ilikuwa ya kawaida. Alipoondoka nilimkuta amesimama pale pale, amelishika pazia kwa mkono mmoja, hajui aende wapi.

Nilirudi chumbani nikazing'oa nyaya zote. Sikuwa na mpango. Nilikuwa na hasira tu. Nikakaa sakafuni na fundo la nyaya mapajani, nikamwambia shangazi kwamba basi, imekufa, tangu mwanzo ilikuwa imekufa, na kwamba mtu anayechoma madaftari akategemea bati moja la mitumba alikuwa anajitakia. Ni maneno mabaya kumwambia mjane. Alisogea ukingoni mwa kitanda, akauangalia mgongo wa kasha, ambao nadhani hakuwahi kuuona karibu vile, akanyoosha kidole.

"Ule waya wa kioo ulikuwa umeuchomeka pale juu?"

"Ndiyo, shangazi. Ndipo unapoingia."

"Mzee alikuwaga anainama sana. Anapiga goti, anaguna, ndio anachomeka. Pale juu mtu haguni."

Nikamwambia, kwa ule uvumilivu wa msomi, kwamba tundu lile lina umbo la waya ule. Huku nasema hivyo nikatazama chini. Chini kabisa, karibu na sakafu, palikuwa na kibati kingine chenye tundu la umbo lile lile, limelala badala ya kusimama, na vumbi lake lilikuwa limekatika pembeni, kama sehemu iliyokuwa na kitu kwa miaka. Kadi ya picha. Mtu fulani aliiongeza zamani, na tangu siku hiyo tundu la juu halikuwa na kazi. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angepaswa kujua. Nilipiga goti. Niliguna.

Skrini ikawaka. Ilinieleza, kwa Kiingereza cha adabu, kwamba mara ya mwisho haikuzimwa ipasavyo na inataka kukagua kama kuna kilichoharibika. Nikaelewa kwamba wiki zote zile, kila siku, mara nne, mara tano, nilikuwa nachomoa ukutani mashine iliyoamka salama na kunisubiri gizani. Ukaguzi ulichukua muda mrefu sana. Asilimia ilikwenda mpaka arobaini ikakaa. Nilikwenda kuangalia luku ya umeme, zilibaki yuniti tatu. Shangazi alisali alasiri pembeni ya meza na alipotoa salamu ilikuwa sitini. Hakunilaumu, na laiti angenilaumu.

Orodha ilikuwepo, nzima. Jina, mstari, namba, ndugu. Asiyejulikana ameandikwa hajulikani. Nikaanza kuusoma mstari wa watoto kwa sauti, na shangazi akawa anawapokea mmoja mmoja: huyu alikufa kwa surua, huyu wa Bi Chiku, huyu mama yake aliolewa Tanga. Tukafika mwisho wa ukuta. Mwanaidi hakuwemo. Nikatafuta jina kwenye orodha yote, nikapata Mwanaidi wawili, wote watu wazima, wote na ndugu zao. Nikasoma tena tangu mwanzo, polepole. Hakuwemo.

Nilikasirika kwa niaba yake, kwa sauti. Mtu ameandika maiti za mtaa mzima, mpaka wapita njia, halafu wa kwake. Shangazi alinikatiza. "Anaandika asije akasahau," alisema. "Huyo angemsahau vipi?"

Ndipo nikaziona namba. Kwenye mstari wa watoto, baada ya kumi na mbili ilifuata kumi na nne. Mzee hakuwa mtu wa kuruka namba. Nilipitia mistari ya watu wazima yote, hakuna hata moja iliyorukwa. Nikamshika shangazi mkono, nikamwonyesha pengo. Kumi na tatu, hapa. Alilisogelea mpaka pumzi yake ikaweka ukungu kwenye kioo. Ningeweza kuishia hapo. Lakini mimi ni mtu wa kuhakikisha, nikaendelea kushuka, na baada ya ishirini na moja nikakuta ishirini na tatu. Mapengo mawili. Labda pale kidole kiliteleza. Labda kuna kichanga ambacho wazazi wake walimwomba asikiandike. Mzee Mbwana angejua, na Mzee Mbwana alikuwa Mafia, hana simu, siku kumi na tano.

Nilimweleza yote, sikumficha. Kwamba mmoja ni Mwanaidi na mwingine sijui, na hakuna njia ya kujua yupi ni yupi kabla ya magharibi, na kwamba sababu ni mimi. Alizungusha tasbihi bila kuhesabu. Nje Bi Mwajuma alikuwa anapatana bei ya dagaa na mtu.

"Waandikishe wote kwangu," alisema.

"Shangazi, mmoja si wako."

"Wa nani?"

"Sijui."

"Haya basi."

Nikampigia Maalim Abeid. Nikamsomea orodha, naye akaandika, na mstari wa watoto niliuacha mwisho. Nilipofika kumi na tatu nikasema Mwanaidi, wa Bi Zuhura. Nilipofika ishirini na mbili nikasema wa Bi Zuhura pia. Kalamu yake ikasimama; niliisikia. Akasema taratibu kwamba anavyojua yeye, Zuhura alijaliwa mtoto mmoja. Mimi niliyekuwa nimeuliza sababu ya kila kitu ndani ya nyumba ile nilimwambia wawili, Maalim, andika wawili. Akaniuliza jina la huyo wa pili.

Niliziba simu kwa kiganja, nikamgeukia shangazi. Alikuwa ameshashuka kitandani, anatafuta kandambili zake akachukue udhu.

"Mwandike Salum," alisema. "Kama alikuwa wa kike, atanisamehe."